Mwaka Nilipokuwa Mikono ya Mjomba Aboud

Mjomba Aboud alizikwa Jumatatu baada ya sala ya alasiri. Siku ya tatu, hitima ilipokwisha na masinia yakawa yameoshwa na kuegemezwa ukutani yakauke, niliwaacha wanawake juu wakizungumza nikashuka peke yangu kiwandani. Kiwanda kwetu Lamu ni ule ua wa ndani ya nyumba, ulio wazi juu, ambao jua huuingia saa nne na kuuaga saa nane. Karibu na birika la jiwe la kuhifadhia maji palikuwa bado na doa jeusi la oili, kubwa kama sinia. Bi Zubeda, mkewe mjomba, alilisugua doa lile kwa chokaa, kwa majivu na kwa ndimu kwa miaka thelathini na mitano, na likamshinda. Nilikuwa nimesimama hapo nikaambiwa kuna mgeni dakani, kwenye ukumbi wa mlango wa mbele, ananiuliza kwa jina. Nilimkuta mzee wa nywele nyeupe, suruali yake imejaa chumvi ya safari ya mashua kutoka Mokowe, amekaa kwenye baraza ya jiwe na kikombe cha kahawa mkononi. Sikumjua mpaka alipotabasamu. Alikuwa Mwalimu Musyoka. Alikuwa amesafiri kutoka Machakos siku mbili ili aje kutoa pole. Tulipomaliza kupeana pole, akasema, "Wanangu wote wanalijua jina lako, Esha. Hata wajukuu." Nilijua anakusudia nini, ingawa kwa miaka yote hiyo mimi na yeye hatukuwahi kuizungumza siku ile.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule na kupelekwa kwa mjomba kumsaidia Bi Zubeda, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua na ngazi za nyumba ile ni za juu. Kazi yangu ilikuwa kupanda na kushuka. Chini ya ngazi, nyuma ya magunia ya mkaa, palikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa cha tanga kuukuu, na kila nilipofagia ilinibidi kukizunguka. Niliwahi kumuuliza Bi Zubeda ni nini, akasema ni mke mwenza. Siku niliyokifunua nilikuta injini ya pikipiki, ya Kiingereza, ya silinda moja, ndefu na nyembamba kama birika la kahawa, imekula kutu mpaka imekuwa rangi ya udongo. Mjomba alikuwa fundi Mombasa kwa miaka thelathini, katika karakana iliyokuwa ikitayarisha pikipiki za mashindano. Pikipiki zilizopita mikononi mwake zilishinda Nakuru na zilishinda Mombasa, lakini jina lililoandikwa kwenye tangi lilikuwa la mwenye karakana. Alipostaafu hakutaka zawadi nyingine ila injini ile, ambayo wenzake waliiona ni chuma chakavu. Aliileta Lamu akidhani ataitengeneza polepole. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka.

Kutetemeka kule kulikuwa kitu cha nyumba nzima. Kikombe chake hakikujazwa zaidi ya nusu. Wali alikula kwa kijiko kikubwa, naye aliyekuwa amekula kwa mkono maisha yake yote, na wageni walipokuwepo alisema ameshiba. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hali ile haitarudi nyuma. Mtu kama huyo hakuwa na la kufanya na injini, na nadhani ingelala pale chini ya ngazi mpaka leo kama si Mwalimu Musyoka. Yeye alikuwa amehamishiwa Lamu kufundisha hesabu, kijana mwembamba wa Kikamba aliyezoea kuendesha pikipiki milimani kwao. Padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao alikuwa amemwachia fremu ya pikipiki ya zamani, magurudumu na tangi, bila injini, naye Musyoka akaiweka Mokowe bara, kwa kuwa katika vichochoro vyetu hata punda wawili hupishana kwa shida. Alisikia kwa watu kwamba kuna mzee mjini mwenye injini bila pikipiki. Alikuja jioni moja akakaa dakani, akapewa kahawa na halua, na walipomaliza kuzungumza mjomba aliniita. Musyoka alikuwa na habari kwamba wapenzi wa pikipiki kuukuu wa Malindi na Mombasa watafanya mashindano bara, kwenye uwanja wa ndege wa zamani usiotumika tena, kabla ya mwaka kwisha. Mjomba akaniuliza kama ni kweli kwamba dukani kwa baba, ambaye alikuwa sonara, mimi ndiye niliyekuwa nikiunga mikufu myembamba. Nikasema ni kweli. Akanitazama vidole muda mrefu. "Basi niazime mikono yako," akasema. "Akili ninayo bado."

Tulianza kwa kumimina mafuta ya taa na mafuta ya nazi ndani ya silinda, maana pistoni ilikuwa imeshikamana na chuma kwa kutu, na kwa wiki mbili hatukufanya lolote ila kungoja. Siku ya kumi na tano mjomba alinipa kipande cha mti wa mkoko na nyundo, akaniambia nigonge kama ninayebisha hodi kwa mtu mgonjwa. Niligonga asubuhi nzima. Baada ya adhuhuri pistoni ilishuka upana wa ukucha, na Bi Zubeda aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo aliacha kazi yake akaja kutazama, ingawa baadaye alikana. Kuanzia hapo nyumba iligawanyika. Asubuhi ilikuwa yake, nikipika mbaazi na kukanda unga wa mahamri. Jua lilipoingia kiwandani, saa nne, ilikuwa zamu ya mjomba. Alikaa kwenye kiti cha kamba, mikono amejifunga ndani ya kikoi ili isimwaibishe, akasema, nami nikatenda. Hakuwahi kunionyesha kitu kwa kidole. Ilimbidi akipate kwa maneno, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache, alichagua kila neno. Mimi leo nina karakana yangu ya injini za mashua mtaani Langoni, na watu hunisifu kwamba naeleza vizuri. Nilikuwa na mwalimu ambaye hakuwa na njia nyingine.

Alinifundisha kusaga vali, vile vizibo vya chuma vinavyofungua na kufunga njia ya hewa. Unapaka uji wa mchanga laini kwenye ukingo wa vali, unaikalisha kitakoni pake, unaizungusha kwa kijiti baina ya viganja kama anayepekecha moto, unainua, unafuta, unaanza tena, mpaka upate duara la kijivu lisilokatika mahali popote. Nilidhani nimemaliza mara nne. Kila mara alinifanya nimwage mafuta ya taa juu yake, tukakaa kunywa chai tukiangalia kama litapita hata tone. Mara ya tano tuliangalia mpaka adhana ya magharibi na halikupita. Kazi iliyochukua mwezi mzima ni ile ya kulainisha tundu linaloingiza hewa ndani ya silinda. Nilitumia tupa ndogo za baba na msasa uliofungwa kwenye kijiti, nikipapasa kwa kidole kwa sababu jicho halifiki, mpaka ndani pakawa laini kama ndani ya pete. "Injini ya mashindano ni pumzi tu," mjomba alisema. "Ipe pumzi nzuri, ipe ndia ya kuitolea. Mengine yote ni kelele." Pistoni mpya, yenye kichwa kilichoinuka ili kubana hewa zaidi, ililetwa kwa basi kutoka Mombasa ndani ya mfuko wa vitunguu, pamoja na ringi na klipu. Bomba la oili lililopasuka nililiunga kwa fedha ya kuyeyusha, kwa moto wa mkaa wa baba. Kila Alhamisi jioni Musyoka alikuja baada ya shule, akavua viatu mlangoni, akasalimu kwa lafudhi yake ya bara iliyomchekesha Bi Zubeda, akakaa mbali kidogo kama adabu inavyotaka, akatazama. Bi Zubeda alimpa samaki wa kukaanga akisema mwanamume mwembamba namna ile ataangushwa na upepo. Mjomba akasema wembamba wake ndio tunaoutaka.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Pistoni hushikwa na pini, na pini huzuiwa pande zote mbili na klipu, vipete vidogo vya waya wa chuma vinavyokaa ndani ya mfuo, mtaro mwembamba uliochongwa kwenye chuma. Klipu ikikaa sawasawa hulia, ta, sauti ndogo kama mtu amevunja tambi. Ya kwanza nilisikia. Nilipokuwa natia ya pili, katika chumba kilicho ubavuni mwa kiwanda Bi Zubeda alikuwa na mgeni, bibi mmoja wa kijiji cha Kizingitini, nami nikasikia jina langu. Yule bibi alikuwa akisema kijana wao anaitwa Omari, anafanya biashara ya samaki na kamba wa baharini, ana mashua, haswali kwa kuonekana. Kisha akauliza kwa sauti ya chini mbona msichana ana kucha nyeusi. Bi Zubeda, bila kusita, alisema ni hina iliyokataa kutoka. Nilikuwa na hofu, na pia nilikuwa na hamu ya kujua zaidi, siwezi kudanganya. Mjomba aliniuliza kama tayari. Nikasema tayari. Tukafunga silinda, tukafunga kichwa chake, na wiki iliyofuata tuliikaza injini juu ya boriti mbili, tukatia petroli, Musyoka akavuta kamba. Mvuto wa tatu ilishika. Sauti yake katika nyumba ile ya mawe ilikuwa kama jengo limeanza kusema. Njiwa wote wa mtaa waliruka, punda aliyekuwa akipita na mzigo wa mawe alitimua mbio mpaka ufukoni, na baadaye jirani alikuja kuuliza kwa heshima zote kama kitu kile kitakuwa kikilia nyakati za sala. Nilimtazama mjomba. Alikuwa ametoa mikono yake nje ya kikoi bila kujua, nayo ilikuwa ikitetemeka wazi mbele ya watu, na hakujali.

Yalibaki mashindano tu. Ilikuwa tuvuke na injini Ijumaa baada ya sala, Jumamosi ifungwe kwenye fremu na kujaribiwa uwanjani, Jumapili ishindane. Jumatano nilikwenda dukani kwa baba kumsaidia, akanipa bangili nitie kishikizo chake. Niliisukuma, ikalia, ta. Nikabaki nimeishika. Nilijaribu kukumbuka ile klipu ya pili na sikukumbuka sauti, nilikumbuka hina. Nilijiambia kwamba bila shaka ililia, ila sikuitia maanani. Nilijiambia injini imefanya kazi juu ya boriti na haikuvunjika. Alhamisi sikula. Niliwaza jinsi mjomba alivyolala vizuri wiki ile, Bi Zubeda mwenyewe alisema. Niliwaza kwamba tukifungua hatutawahi, na kwamba watasema ndiyo hasara ya kumpa msichana kazi ya chuma. Nikamwaza na Musyoka pia, kwa kasi ile, juu ya udongo mgumu, injini imekwama ghafla chini yake.

Ijumaa asubuhi walikuwa wamekaa wote watatu kwenye mkeka, Musyoka amekwisha kuomba ruhusa shuleni, mbele yao mahamri na mbaazi za nazi. Sikukaa. Nikasema, "Mjomba, klipu ya pili sina hakika kuwa ililia."

Alikiweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Una hakika kuwa haikulia?"

"La. Sina hakika na lolote. Nilikuwa nasikiliza maneno mengine."

Bi Zubeda aliinamisha uso, maana alielewa ni maneno gani. Mjomba akanyanyuka, akasema, "Ifungue."

Musyoka alisema polepole kwamba mashua inatungoja. Mjomba akamjibu kwamba mashua ni mali ya watu na itapata abiria wengine. Nilifungua kwa saa mbili kile tulichokifunga kwa siku tatu. Nilipoinua silinda niliona kabla yao. Klipu ilikuwa imekaa upande, ncha moja ndani ya mfuo na nyingine nje, na kwenye ukuta wa silinda palikuwa na mchirizi mwembamba unaong'aa, umeanza kuchimbwa kwa dakika chache tu tulizoiwasha. Nilimpa Musyoka silinda, akapitisha kidole gumba juu ya mchirizi ule, kwenda na kurudi, akairudisha, akaomba maji ya kunywa.

Nilimngoja mjomba anikaripie. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha kamba. Akaanza kusema, na alisema akiitazama injini na si sisi. Alisema alipokuwa kijana kule Mombasa aliwahi kuingiwa na shaka kama hiyo, juu ya boliti moja ya gurudumu, na mashindano yalikuwa kesho yake na bosi alikuwa mkali. "Yule mwendeshaji alitembea na mkongojo mpaka alipokufa," akasema. "Alikuwa akinisalimu kila Ijumaa msikitini. Sikumwambia. Hata Zubeda sijamwambia, ndiyo anasikia sasa." Bi Zubeda aliyekuwa amesimama mlangoni alikaa chini pale pale, juu ya kizingiti, na magoti yake yale. Mjomba akaniambia, "Kukosea hukosea kila fundi, mwanangu. Weye umesema. Mimi sikusema. Lete klipu nyingine."

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi kuliko niliyosoma katika kitabu chochote. Nikiwa msichana niliyachukua kuwa ni ya kunifariji. Sasa nina umri karibu na wake wa siku ile, na nadhani alikuwa akiutua mzigo, na kwamba aliweza kuutua kwa sababu mimi nilitangulia kuutua wangu. Nilipomhadithia Musyoka hayo juzi dakani, aliitikia kwa kichwa, akasema kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha, mwanafunzi aliyekuja kusema amekosea bila kuulizwa hakumpiga hata mara moja, na wenzake hawakujua kwa nini.

Siku ile klipu ya pili ilipolia tuliisikia sote wanne. Mchirizi niliusugua kwa msasa laini uliolowa mafuta mpaka kidole kisiuone. Gaskiti, lile bamba la shaba linaloziba kichwa cha silinda, ikishabanwa mara moja, huwa ngumu na haizibi tena, kwa hiyo nilikimbia nayo kwa baba, nikaitia motoni mpaka ikawa nyekundu, nikaizamisha majini ikalainika kama ngozi. Ile ya chini niliikata kutoka karatasi ngumu ya manila ya Musyoka ya kuchorea pembetatu. Tulivuka Jumamosi jioni badala ya Ijumaa, injini ndani ya tenga la samaki, Bi Zubeda na mimi tumekaa kando yake na buibui zetu, yeye ameshika chupa ya chai kama aendaye harusini. Usiku ule tuliifunga kwenye fremu pale Mokowe, na Jumapili mchana tulipofika uwanjani wenzetu walikuwa wamekwisha kufanya majaribio, na Musyoka akapangwa mwisho kabisa.

Zilikuwa pikipiki tisa na mizunguko kumi. Nilidhani nitatazama, lakini nilifumba macho nikasikiliza, kama nilivyofundishwa. Kila Musyoka alipopita niliisikia pumzi ile ndefu niliyoitengeneza kwa kidole changu, haikatiki, haikohoi. Tatu zilikufa njiani na moshi. Yetu ilimaliza ya nne. Hakukuwa na zawadi ya wa nne, na nilikuwa tayari kusikitika, nikamwona mjomba anacheka kama sijawahi kumwona. Fundi mmoja mzee wa Mombasa, aliyemjua mjomba tangu enzi zile na ambaye pikipiki yake ilikuwa imeshinda, alikuja akachutama kando ya injini yetu iliyokuwa bado ikitoa joto. Alisikiliza chuma kikipoa. Kisha akamwambia mjomba kwamba mkono wake haujazeeka.

"Si mkono wangu," mjomba alisema, akaichomoa mikono yake kikoini, akamwonyesha. "Injini hii imeundwa na Esha, mwanawe dadangu. Muulize."

Yule mzee alinigeukia. Aliniuliza nimeacha nafasi gani kwenye vali, nami nikamjibu. Aliniuliza moto unapiga kabla ya pistoni kufika juu kwa kiasi gani, nami nikamjibu, nikamweleza na jinsi tulivyoupima kwa karatasi ya sigara, unaibana baina ya pointi za cheche na kuivuta polepole mpaka iachiliwe. Hakunisifu. Alimwita kijana wake aliyekuwa mbali, akamwambia aje asikie.

Wiki tatu baadaye watu wa Kizingitini walikuja rasmi. Wanaume walikaa dakani, Omari mwenyewe akiwa miongoni mwao, nasi wanawake tukakaa ndani. Baba alikuwa amesema sitaozwa bila kuulizwa, na mjomba ndiye aliyetumwa kuja kuniuliza. Alisimama mlangoni na kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, mikono nje, hakuificha tena tangu siku ile. Wanawake wote walinyamaza. Nikamwomba kwanza aende akamuulize Omari, zile injini za mashua zake zikiharibika hutengenezwa na nani.

Yule bibi mgeni aliguna. Mjomba hakuguna. Alikwenda, tukasikia sauti za wanaume zikishuka, kisha akarudi. "Asema hakuna fundi kule," akasema. "Zikifa huzitupa nyuma ya nyumba."

Nilimuuliza ziko ngapi sasa huko nyuma ya nyumba. Mjomba akaenda tena, na safari hii tukasikia kicheko dakani, cha mtu mmoja, cha kijana. Aliporudi alikuwa akijizuia asitabasamu mbele ya wageni.

"Kumi na moja," akasema.

Nikamwambia aende akawajibu kwamba nimekubali.